Namna nilivyoishona upya dashibodi ya Land Cruiser ya baba

Dashibodi ya Land Cruiser ya baba ilikuwa na nyufa saba. Nilizihesabu siku niliyoamua kuishughulikia, nimeketi upande wa dereva, gari limeegeshwa mbele ya nyumba yetu katika komini, yaani wilaya ya mji, iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, kidole kikifuata ufa mmoja baada ya mwingine. Ule mrefu kuliko yote ulianzia juu ya geji ukatambaa hadi karibu na kioo cha mbele. Ukucha wa kidole gumba uliingia wote. Nilipoutoa, ulitoka na vumbi jekundu la barabara ya Kasenga, laini kama unga wa muhogo, vumbi ambalo baba alilipita akiwa hai.

Mimi ni mshonaji, si fundi wa magari. Nashona viti vya teksi na makochi, na mashine yangu iko kwenye kibanda karibu na soko la Kenya. Kazi ya waya aliifanya mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme. Mimi nilishika taa na kuuliza maswali mpaka akachoka. Kwa hiyo humu nitasema mengi kuhusu mshono, kwa sababu ndio ninaoujua kwa mikono yangu. Ya umeme nitayasema jinsi alivyonionyesha nami nikaona kwa macho.

Gari lenyewe ni HZJ75 ya mwaka 1994, pikapu, injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Baba alilitumia kuleta samaki kutoka Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula. Kama lako ni la safu ya 60, au ni Land Rover, au Hilux ya zamani, skrubu zitakaa mahali pengine lakini kazi ni ile ile.

Kwanza ujue kwa nini zinapasuka. Plastiki laini ya dashibodi hubaki laini kwa sababu kiwandani huchanganywa na mafuta maalumu ya kulainisha. Jua likipiga kupitia kioo cha mbele siku baada ya siku, mafuta hayo huvukizwa kidogo kidogo. Ule ukungu unaonata upande wa ndani wa kioo, ambao kitambaa kikavu kinausambaza tu, sehemu yake kubwa ndiyo hayo mafuta. Dashibodi ikiyapoteza hukauka na kusinyaa, na kwa kuwa imefungwa skrubu kila upande, haina pa kusogea: inapasuka. Huku kwetu jua baya ni la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Hizi dawa za kung'arisha zinazouzwa kwenye vichupa hazirudishi kilichokwisha kutoka. Zinaipa uso wenye mafuta ambao vumbi hulala juu yake, na kama unataka kubandika skai, yaani ngozi ya bandia, gundi haitashika hapo mpaka uyaondoe yote.

Geji kwanza

Nataka kusema jambo hili mapema kwa sababu lilitugharimu. Mwaka mmoja kabla ya kazi hii tulimpa fundi mmoja gari apambe dashibodi. Alibandika zulia jeusi juu ya nyufa, akakata tundu kubwa la redio, akaongeza taa za bluu, akachukua fedha yake. Miezi miwili baadaye mdogo wangu alikuwa anarudi kutoka Likasi akiwa na mzigo. Mshale wa joto ulikuwa umetulia chini ya nusu, pazuri kabisa. Pua ndiyo iliyomwambia. Aliposimama na kufungua boneti, maji yalikuwa yanachemka na kumwagika, na gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwisha kuungua.

Chanzo kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Pale waya unapoingia kwenye senso ya joto palikuwa na kutu ya kijani. Senso ile hupunguza ukinzani wake kadiri maji yanavyopata joto, na geji husoma huo ukinzani. Kutu ikiongeza ukinzani wake, geji inasema maji ni baridi kuliko yalivyo. Fundi alikuwa ameishika geji ile mkononi, akaifuta kioo, akairudisha, bila kuuliza kama inasema kweli. Dashibodi ni mahali gari linapozungumza na dereva. Ukiipamba ikabaki inadanganya, umemharibia mtu atakayeiamini akiwa usiku, njiani, na watoto nyuma.

Basi kabla hujafungua skrubu hata moja, pima geji. Washa swichi bila kuwasha injini. Chomoa waya wa senso ya joto kwenye injini na uguse ncha yake kwenye chuma safi cha injini kwa sekunde mbili tatu tu, mwenzako akitazama ndani. Mshale upande hadi kwenye joto kali. Ukipanda vizuri, geji na waya ni wazima na shaka inabaki kwa senso au kutu ya pale inapochomekwa. Usipopanda, tatizo liko kwenye waya, kwenye geji au kwenye masi, yaani ule muunganiko wa chuma unaorudisha umeme kwenye batri. Usiache waya umegusa muda mrefu. Geji inaweza kuungua. Kisha pima batri kwa mita: injini ikiwa imezimwa utaona kama volti 12.6, na ikinguruma iwe kati ya 13.8 na 14.4. Geji ya volti ya gari ikionyesha kitu tofauti kabisa na mita yako, iandike kwenye daftari.

Hapo pia utajua jambo jingine: baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Japani, zina mfumo wa volti 24. Kuona batri mbili hakutoshi kukuambia, maana letu lina batri mbili na ni la volti 12. Pima kabla ya kununua globu au swichi yoyote.

Kufungua

"Yaya, toa kwanza batri," (yaya kwetu ni ndugu mkubwa) ndiyo sentensi niliyoisikia mara nyingi zaidi kwa siku zile. Spana namba 10, nguzo hasi kwanza, na kama batri ni mbili, hasi za zote mbili. Zifunike kwa kitambaa zisijirudie zenyewe.

Toyota za wakati ule zimenyooka. Karibu kila kitu ni skrubu ya nyota na nati namba 10. Piga picha kila mara kabla ya kutoa, weka skrubu za kila sehemu kwenye mfuko wake na uandike juu yake. Mimi nilitumia mifuko ya sukari ya robo kilo. Anza na kizingio cha plastiki kinachozunguka geji, kisha boksi la geji lenyewe. Hapo uwe mpole. Ukilivuta kwa nguvu utakata kebo ya spidomita, ambayo kwenye gari hili si waya wa umeme bali ni kebo ya chuma inayozunguka, imeshikwa nyuma kwa kishikizo cha plastiki. Sogeza boksi kidogo, ingiza mkono nyuma, bana kishikizo, kebo itatoka. Ndipo uchomoe plagi za waya, kwa kushika plagi, kamwe si kwa kuvuta waya.

Kipande cha juu, kile chenye sponji kilichopasuka, kimeshikwa na nati kutoka chini na skrubu mbele. Nyingine zimejificha nyuma ya kisanduku cha abiria, kwa hiyo kitoe nacho. Kama kipande hakitoki, kuna nati hujaiona. Usikisukume. Plastiki ya miaka thelathini huvunjika kama sahani. Na kama gari lako ni la baadaye lenye mfuko wa hewa wa usalama ndani ya dashibodi, sehemu ile usiiguse na usishone chochote juu yake. Mfuko ule lazima upasue njia yake bila kizuizi.

Nyuma ya dashibodi tulikuta kazi ya yule fundi. Waya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa skochi, yaani utepe wa kunata, skochi imeyeyuka kwa joto na kuwa lami. Waya wa taa za bluu ulichukua umeme moja kwa moja kutoka batri bila fyuzi, ukipita kwenye tundu la chuma lisilo na mpira. Ganda lake lilikuwa limelika mpaka shaba inang'aa. Gari lile lilikuwa linatafuta pa kuwakia moto.

Mdogo wangu alitoa zote akaanza upya, na kanuni zake ni hizi. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo ikae karibu na batri, isikae mwisho wa safari. Waya wa milimita mraba 1.5 aliupa fyuzi ya ampea 10, wa 2.5 aliupa ya 15. Kila chuma kinachopitisha waya kivishwe mpira. Kila kiungo kibanwe kwa koleo la kubania, kisha kifunikwe kwa kile kibomba cha plastiki kinachosinyaa kwa moto. Taa kubwa za mbele zisipite kwenye swichi ya dashibodi, zipite kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo: mguu wa 30 unapokea umeme wa batri wenye fyuzi, 87 unaupeleka kwenye taa, 86 unapokea umeme mdogo kutoka swichi, 85 unakwenda masi. Namba hizo zimeandikwa chini ya rilei yenyewe. Mwisho akavuta waya mpya wa masi, wa 2.5, kutoka nyuma ya geji hadi kwenye bolti ya bodi aliyoisugua kwa msasa mpaka ikawa nyeupe. Waya huo mmoja ulifanya taa za geji ziwake kwa mwanga ambao sikuwahi kuuona toka utoto.

Kuhusu globu ndogo za geji: watu wengi siku hizi wanaweka LED. Ni nzuri, hazina joto. Lakini taa nyekundu yenye alama ya batri iachie globu yake ya zamani. Kwenye magari mengi ya enzi hizo umeme mdogo unaopita katika globu ile ndio unaoiamsha jenereta ianze kuchaji. Ukiweka LED, unaweza kuendesha siku nzima bila chaji.

Kioo cha geji kikiwa na mikwaruzo, kioshe kwanza kwa maji mengi na sabuni. Vumbi letu lina mchanga mkali, na kitambaa kikavu kitalitumia kama msasa. Kisha msasa wa maji namba 1500, halafu 2000, halafu dawa ya meno kwenye pamba, ukizungusha polepole. Petroli na tina ziwe mbali nacho, maana plastiki ile hupasuka nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Namba za kilomita ziache zilivyo.

Kuziba nyufa

Ng'oa kila kilichobandikwa. Zulia la yule fundi lilitoka na gundi ya njano iliyokuwa ngumu kama kucha. Osha dashibodi kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo mara tatu, ikauke, kisha ipanguse kwa spiriti mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe.

Kila ufa, toboa tundu la milimita 3 kwenye ncha zake mbili. Tundu hilo huuzuia kusonga mbele, kama fundo mwishoni mwa uzi. Halafu kata kingo za ufa kwa kisu kikali ziwe na umbo la V, ukiondoa sponji iliyokufa, ile inayogeuka unga ukiigusa.

Usijaze kwa mastiki ya bodi ya gari. Ni ngumu, haijinyooshi. Dashibodi inatanuka mchana na kusinyaa usiku, na ufa utarudi pembeni mwa mastiki. Sisi tulitumia gundi ya poliurethani, ile nyeusi ya tyubu ambayo mafundi hubandikia kioo cha mbele. Inashika na inabaki kama mpira. Ila inakauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, nasi tulifanya kazi mwezi wa saba, hewa ya Lubumbashi ikiwa kavu na usiku baridi. Kilichopaswa kuchukua siku moja kilichukua siku tatu. Subiri. Ukibonyeza na kidole kikabaki na alama, bado. Ikikomaa, ikate kwa wembe usawa wa uso, kisha pitisha msasa namba 120 juu ya dashibodi nzima ili gundi ya skai ipate pa kushika.

Mshono

Hapa ndipo nilipokuwa nimengoja kufika.

Chagua skai nyeusi au ya kijivu kizito, isiyong'aa. Wateja huniomba nyekundu au rangi ya maziwa kwa sababu inapendeza dukani, nami huwaambia: saa sita mchana utaiona dashibodi yako nzima imelala juu ya kioo cha mbele, kati yako na barabara. Ipindue skai uangalie mgongo wake. Yenye mgongo wa kitambaa kilichofumwa kama fulana hunyooka pande zote na hukubali mviringo. Yenye mgongo wa kitambaa kigumu itakunyima kona. Nilinunua mita 2, nikaikata kwa urefu wa roli ili kipande cha juu kitoke kizima bila kuungwa.

Kwa kiolezo, usipime kwa futi. Funika dashibodi yote kwa plastiki nyembamba ya jikoni, juu yake bandika skochi ya karatasi, ile ya wapaka rangi, tabaka mbili zinazokatana, mpaka iwe kama ganda. Sasa chukua kalamu uchore mishono unapoitaka. Mimi nilichora mmoja mrefu pale uso wa juu unapogeuka kuelekea kwa abiria, na miwili mifupi kuzunguka kilima cha geji. Mshono uufuate mkunjo wa dashibodi. Ukiuweka mahali tambarare utaonekana kama kovu. Kata alama za kukutanisha kila sentimita 10, andika kila kipande jina lake na mshale wa mbele, kisha kata ganda kwenye mistari. Vipande vitalala bapa vyenyewe. Visivyolala vinakuambia pale panahitaji mshono mwingine. Vihamishie kwenye katoni, ongeza sentimita 1 ya mshono kila upande wa kuungwa, na sentimita 4 kwenye kingo zitakazokunjwa chini.

Sindano namba 110 yenye ncha ya ngozi. Uzi wa poliesta mnene. Uzi wa pamba jua litaula kabla ya mwaka kuisha. Urefu wa mshono uwe milimita 4 hadi 5, maana matundu yaliyokaribiana mno huichana skai kama stempu. Kama mguu wa mashine yako unaganda juu ya skai, weka ukanda wa karatasi ya daftari chini ya mguu, shona juu yake, kisha uichane uitoe. Baada ya mshono wa kwanza, fungua kingo mbili kwa nyuma, zilaze kulia na kushoto, kisha upande wa uso shona mistari miwili, mmoja kila upande wa kiungo, milimita 4 kutoka katikati. Mistari hiyo miwili ndiyo watu wanayoiona na kuipenda, lakini kazi yake ni kuzilaza kingo zisijikunje na kutokeza kama mshipa. Nilitumia uzi wa rangi ya shaba, nami nilishona mstari ule mrefu kwa kugeuza gurudumu la mashine kwa mkono, sindano moja moja, dakika arubaini kwa mkunjo mmoja. Mstari ukipinda milimita moja, jicho la abiria litauona kila siku.

Kabla ya gundi, ivishe skai kavu. Ikae yenyewe, ikiwa na mvutano mdogo. Weka alama za chaki kwenye skai na kwenye dashibodi, ukianzia katikati. Toboa kwa pini mahali pa matundu ya hewa yanayopuliza kioo, la sivyo baadaye utayatafuta kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Nilibandika kwanza sponji ya milimita 3 juu ya dashibodi, inayofuta makosa madogo ya chini na kumpa mtu kitu laini chini ya kiganja. Gundi iwe ya mguso inayostahimili joto. Ile ya viatu ya bei ndogo huachia gari likisimama juani. Ipake pande zote mbili, tabaka jembamba, ungoje dakika kumi hadi kumi na tano mpaka uiguse na isifuate kidole. Asubuhi ya baridi ingoje zaidi. Anza na mshono mrefu: uulaze kwenye mstari wake wa chaki, kidole kwa kidole, na hapo tu ndipo uende mbele na nyuma, ukisugua kwa kiganja kutoka katikati kuelekea nje. Fanya robo kwa robo. Kwenye kona ipashe skai moto kwa kikausha nywele mpaka ilegee, ivute, ishikilie ikiwa inapoa. Chini, kata kingo zilizo kwenye mviringo vipande vya V ndipo ukunje. Fungua milango na madirisha, gundi hii inaumiza kichwa.

Kisanduku cha abiria nilikivisha ndani kwa kitenge cha mama, chenye ndege.

Kibao cha shaba

Tundu baya alilolikata yule fundi lilikuwa halirudishiki, na sikutaka kulificha kwa plastiki. Lubumbashi ni mji wa shaba. Watoto wetu wanakua wakilitazama bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuri. Na wako wazee wanaofua shaba kwa nyundo na kuchora juu yake ramani, nyuso, wavuvi. Nilimwendea mmoja na kipimo changu cha katoni, sentimita 24 kwa 9.

"Papa, nataka kibao cha gari."

Alikigeuza katoni. "Na juu yake, mwanangu?"

Nilitaka msalaba wa Katanga, ule wa shaba uliotumika kama fedha zamani, mdogo, kona moja. Alichukua bati la shaba la nusu milimita, akalichoma mpaka likaiva wekundu hafifu, akalitumbukiza majini. Chuma kikifanyiwa hivyo kinakuwa kigumu, shaba inalegea. Kisha akaligeuza kifudifudi juu ya kipande cha mpira wa tairi, akagonga mistari kwa nyuma kwa msumari usio na ncha, akiligeuza na kulisikiliza. Lilipoanza kurudisha nyundo alilichoma tena. Mara nne.

Bati hilo nililibandika juu ya triplex, yaani plaiwudi, ya milimita 4. Mbao inalipa nguvu, na inatenganisha shaba na miguu ya swichi, kwani shaba ni njia nzuri ya umeme kuliko karibu kila kitu ndani ya gari. Kati ya kibao na chuma cha dashibodi weka ukanda wa mpira wa tyubu, na skrubu ziwe za shaba njano. Shaba ikigusana na chuma cha kawaida kwenye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa. Ukitoboa, libane bati kati ya mbao mbili, la sivyo kekee italinasa na kulichana mikononi mwako. Matundu ya swichi za kidole ni milimita 12. Ya mita ya volti na ya tundu la kuchajia simu, milimita 29.

Isafishe kwa limau na chumvi, suuza sana, kausha. Paka kiwi nyeusi, pangusa juu ibaki mitaroni tu. Kisha sugua kwa pamba ya chuma mpaka mng'aro ufe. Nasema tena kwa sababu ni usalama: shaba inayong'aa itakurudishia jua machoni. Malizia kwa vanishi isiyong'aa, ukilishika kwa kingo tu, maana alama ya kidole chini ya vanishi itakuwa ya kijani kabla ya Krismasi.

Kurudisha

Rudisha kwa mpangilio wa kinyume. Kaza nati kwa vidole zote kwanza, ndipo spana, kwa upole. Mahali plastiki inapogusana na plastiki bandika vipande vya skai, mgongo wa kitambaa nje, visikike mlio. Kabla ya kufunga boksi la geji rudisha batri, jaribu kila taa, kila mshale, na rudia lile jaribio la waya wa senso ya joto, ukiwa umekwisha kusugua kutu na kupaka grisi ya umeme.

Safari ya kwanza tulikwenda kilomita 60 kwenye barabara ya Kasenga na kurudi. Mama alikaa katikati. Mshale wa joto ulipanda, ukafika nusu, ukasimama hapo, na mdogo wangu alisimamisha gari mara mbili kwenda kuigusa rejeta kwa mkono ili aone kama vinakubaliana. Tuliporudi nilikaza tena nati zote. Nne zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko.

Ndani ya kisanduku, nyuma ya kitenge, nilishona mfuko mdogo. Humo mna karatasi yenye mchoro wa mdogo wangu: kila waya mpya, rangi yake, fyuzi yake, na mahali bolti ya masi ilipo. Nimeifunga kwenye plastiki. Atakayeifungua dashibodi hii baada yetu ataikuta kwa mkono wa kulia, juu.